Somo: Kuchagua Petroli ya Mashine Ndogo za Nje

Mashine ya kukata nyasi iliyofanya kazi vyema mwezi wa Oktoba mara nyingi hukataa kuwaka mwezi wa Aprili. Mwenyewe huvuta kamba hadi mkono ukamwuma, kisha huipeleka kwa fundi. Fundi akifungua kabureta, hukuta utando unaonata na vitundu vilivyoziba. Kwa mtu anayekata nyasi za watu ili apate riziki, juma moja bila mashine ni juma moja bila kipato. Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi ni petroli iliyoachwa ndani ya tangi majira yote ya baridi.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kuchagua petroli kwa mashine za kukata nyasi, misumeno ya mnyororo, mashine za kuondoa theluji na jenereta ndogo zinazotumika hapa Marekani.

Ethanoli ni nini?

Ethanoli ni aina ya alkoholi. Nchini Marekani hutengenezwa zaidi kwa mahindi, na karibu petroli yote inayouzwa vituoni huchanganywa nayo. Mchanganyiko wa kawaida huitwa E10, yaani una ethanoli isiyozidi asilimia 10. E15 ina hadi asilimia 15. E85 ina ethanoli nyingi zaidi, nayo ni ya magari yaliyoundwa maalumu kwa ajili yake. Petroli isiyo na ethanoli huitwa E0.

Inadhuru vipi?

Ethanoli huvuta maji, hata unyevu ulio hewani. Maji yakizidi kiasi, mchanganyiko hugawanyika: petroli hubaki juu, na ethanoli pamoja na maji hushuka chini ya tangi, mahali hasa injini inapovutia mafuta. Katika injini ya mipigo miwili, ambayo hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa oili hubaki juu na petroli. Injini ikivuta tabaka la chini, pistoni hukosa ulainisho.

Vilevile ethanoli yaweza kudhoofisha mipira na plastiki za mashine za zamani. Tena, ina oksijeni ndani yake, hivyo huifanya injini ndogo iungue kwa joto kali zaidi. Gari la kisasa hupima hali hiyo na kujirekebisha lenyewe. Mashine ndogo nyingi haziwezi.

Soma pampu kabla ya kusoma bei

Sheria ya Marekani inakataza kutumia E15 katika mashine ndogo, boti na pikipiki. Imeruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na ya baadaye. Pampu yake hubandikwa kibandiko cha rangi ya machungwa na nyeusi. Mara nyingi E15 huuzwa kwa namba ya oktani 88, na huenda bei yake ikawa chini ya ile ya 87. Mnunuzi aweza kudhani amepata kilicho bora kwa bei nafuu. Oktani haikuelezi kiasi cha ethanoli, kisome kibandiko. Si majimbo yote yanayolazimisha kituo kutangaza ethanoli ya E10, kwa hiyo pampu isiyo na maelezo isichukuliwe kuwa haina ethanoli. Tafuta maandishi “E0” au “Ethanol Free”, au umwulize mhudumu.

Angalia pia mpira wa pampu. Pale mpira mmoja unapotoa aina kadhaa, mafuta ya mteja aliyetangulia hubaki ndani yake. Kwa tangi la gari kiasi hicho ni kidogo. Kwa dumu la galoni moja, si kidogo. Ikiwa unanunua E10 kwenye pampu ya namna hiyo, tia kwanza galoni kadhaa katika gari, ndipo ujaze dumu. Dumu liwekwe chini ardhini, kamwe lisijazwe likiwa ndani ya gari.

Je, ni lazima kununua E0?

La. Watengenezaji wengi wa mashine hizi huruhusu E10, na E0 huwa ghali zaidi. Tunashauri hivi:

1. Mashine itumikayo kila juma, ikijazwa petroli mbichi, yaweza kutumia E10 ikiwa kitabu chake kinaruhusu.
2. Mashine ikaayo miezi bila kazi, kama jenereta ya dharura au mashine ya theluji, inastahili E0. Tofauti ya bei kwa tangi dogo ni ndogo kuliko malipo ya kusafisha kabureta.
3. Mafuta ya kopo yasiyo na ethanoli hudumu muda mrefu, lakini bei yake ni kubwa mno. Yanamfaa mwenye msumeno autumiao mara chache kwa mwaka.

E0 nayo huchakaa. Nunua kiasi utakachomaliza katika siku 30 hivi, na andika tarehe juu ya dumu. Ukihitaji kuyahifadhi zaidi, tia dawa ya kutunza mafuta siku ile ile uliyonunua. Dawa hiyo haifufui petroli iliyokwisha kuharibika. Aidha, E0 ya pampuni haina oili. Mashine ya mipigo miwili yenye kipimo cha 50 kwa 1 huhitaji aunsi 2.6 za oili kwa kila galoni.

Kabla ya kuiweka mashine

Fuata kitabu chake: ama ondoa mafuta yote, ama jaza E0 yenye dawa na uiwashe kwa dakika chache ili mafuta hayo yafike katika kabureta. Fanya hivyo nje. Moshi wa injini huua ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Petroli iliyogawanyika haitengenezwi kwa kuongezewa mbichi. Itoe yote na uipeleke kwenye kituo cha taka hatari cha wilaya yako. Usiimwage ardhini wala mferejini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini namba 88 si sababu ya kuchagua petroli ya msumeno?
2. Ni mashine ipi nyumbani kwako ikaayo muda mrefu zaidi bila kuwashwa, na ndani yake mna petroli gani sasa?

Ikiwa hujui jibu la swali la pili, anza na mashine hiyo leo.