Mafuta ya Mtambo wa Gobori: Somo la Kemia

Katika Usukuma, toka Shinyanga hata Geita, gobori si kitu kigeni. Bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdeki zilifika bara kwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini kwa masharti uliacha njia kwa gumegume na baruti ya kawaida. Hiyo ni sababu moja iliyofanya baruti nyeusi idumu huku, wakati majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakiiacha.

Swali letu ni hili: kwa nini chuma kilichoguswa na baruti hiyo huhitaji mafuta ya namna yake?

Masizi na kutu

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti. Iwakapo haigeuki hewa yote; zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki yabisi, hasa chumvi za potasiamu. Mojawapo, kabonati ya potasiamu, ndiyo ipatikanayo pia katika majivu ya kuni. Chumvi hizi hunywa unyevu wa hewa. Masizi yaliyokuwa makavu hulowana, na chuma kilicho chini yake hushika kutu.

Masizi hayakai mtutuni tu. Hupenya penye fataki mpaka ndani ya mtambo, yaani kwenye kamani, nyundo na meno. Katika bastola ya silinda, kama ile ambayo Samuel Colt aliipatia hataza Marekani mwaka 1836, moto hupenya pia kati ya silinda na mtutu, ukautia masizi mhimili. Baada ya kupigwa mara chache, silinda hukataa kuzunguka. Tena jino lililoliwa na kutu laweza kuteleza, nyundo ikaanguka bila kifyatulio kuguswa. Hapo mtu aweza kufa.

Mafuta yafaayo

1. Maji kwanza. Chumvi huyeyuka katika maji, wala haiyeyuki katika mafuta. Apakaye mafuta juu ya masizi anaifunika kutu, haiondoi. Fundi huosha kwa maji ya moto na sabuni. Chuma kikipata moto hukauka upesi.

2. Mafuta ya injini yakichanganyika na masizi mara nyingi huwa kama lami.

3. Mafuta ya pamba, tuliyo nayo tele, hunywa oksijeni ya hewa, na baada ya muda hugeuka gundi.

4. Shahamu ya ng'ombe iliyochanganywa na nta ya nyuki hushika chuma vizuri, na masizi hubaki laini. Ikiwa ngumu mno, huongezwa mafuta ya karanga. Lakini isiwe na chumvi hata kidogo!

5. Mtambo hutaka mafuta membamba kama utando. Yakizidi, hukusanya vumbi.

Jaribio

Twaa misumari mitatu mipya. Wa kwanza uache mkavu. Wa pili uupake maji ya chumvi. Wa tatu uupake shahamu kwanza, kisha maji ya chumvi. Itazame kila siku kwa juma moja, uandike uonavyo.

Faida yake kwetu

Kanuni ni ile ile kwa mnyororo wa baiskeli na kwa mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Geita: safisha kwanza, ndipo upake. Grisi iliyojaa vumbi la mawe hula chuma kama msasa.

Lakini silaha yenyewe si kazi ya mwanafunzi. Gobori la zamani lililotundikwa ukutani laweza kuwa bado limeshindiliwa, basi usiliguse wala usilisogeze penye moto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mwenye silaha awe na kibali. Wazazi wenye gobori la urithi lisilo na kibali na wapeleke habari polisi, ili waelekezwe jinsi ya kulisalimisha.

Maswali

1. Kwa nini mafuta peke yake hayaondoi masizi?
2. Siagi yenye chumvi ina hatari gani kwa chuma?
3. Taja mafuta mawili ya nyumbani kwenu, useme lipi lageuka gundi, na kwa nini.