Rafu ya Kozi Mtandaoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mkutubi wa chuo kikuu, huduma hii ya kuweka rejea za kozi mtandaoni ipo ili mwanafunzi mwenye simu na bando dogo asome alichoagizwa kabla ya kipindi. Ikimshinda, ataishia kununua madesa kwenye duka la fotokopi, na lawama ni yako.

FANYA

1. Dai orodha ya rejea kabla muhula haujafunguliwa. Mhadhiri asiyeleta, mwandikie mkuu wa idara yake.

2. Anza na kilichokwisha kulipiwa. Makala ikiwa JSTOR na chuo kimejiunga, weka kiungo cha kudumu, usipakie nakala.

3. Skani upya mafaili machafu yote: kurasa zilizolala ubavu, kidole gumba pembeni, maneno yaliyomezwa na mshono wa kitabu. Pitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, ili simu iweze kumsomea asiyeona. Kisha punguza ukubwa: sura moja ya MB 60 ni dhuluma.

4. Andika mwandishi, mwaka, mchapishaji na kurasa. Jina “scan0047” halimwambii mtu kitu.

5. Jaribu kila kiungo kwa simu, ukiwa nje ya mtandao wa chuo. Kinachofunguka ofisini tu hakifanyi kazi.

USIFANYE

1. Usipakie kitabu kizima kwa sababu mhadhiri kasema. Mwaka 2008, Cambridge University Press, Oxford University Press na SAGE waliwashtaki viongozi wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani, kwa huduma hii hii. Kesi iliburuzwa hadi 2020.

2. Usijifiche nyuma ya “asilimia 10 tu ya kitabu”. Katika kesi hiyo, mahakama ya rufaa ilikikataa kipimo hicho mwaka 2014 na kutaka kila kazi ipimwe peke yake. Nawe soma sheria ya hakimiliki ya kwako: Tanzania ni ya 1999, Kenya ni ya 2001.

3. Usiache mafaili wazi kwa dunia nzima. Yafungwe kwa nenosiri la waliosajili kozi, na muhula ukiisha yashushwe.

4. Usiliachie kundi la WhatsApp la kiongozi wa darasa (CR) kazi ya maktaba. Huko hakuna anayejua nani kapata na nani kakosa.

5. Usijisifu kwa idadi ya mafaili uliyopakia. Hesabu yaliyofunguliwa. Lisilofunguliwa muhula mzima, mwulize mhadhiri kama bado analifundisha, akisitasita, liondoe.