Simu Yako na Amana za Watu: Somo la Kuomba Ruhusa



Ndugu zangu wanafunzi, katika masomo ya adabu tunasoma mlango uitwao isti'dhan, yaani kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Msingi wake ni Suratun-Nur aya ya 27, inayotukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na katika hadithi ya Sahl bin Sa'd, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye akamfahamisha kwamba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Kwa hiyo kinacholindwa si mlango peke yake, ni siri iliyo nyuma yake.

Leo nataka tuulete mlango huu kwenye simu zetu. Kila programu mpya inapiga hodi: inaomba orodha ya namba, mahali tulipo, picha, kipaza sauti. Wengi tunabonyeza kukubali mara tatu mfululizo, kwa sababu tuna haraka na mega zinaisha. Swali langu ni moja: je, kila tunachokiruhusu ni chetu?

Kisicho chako huwezi kukiruhusu

Chukua orodha ya namba. Humo mna namba ya mama, ya ustadhi, ya dada wa jumuiya aliyekupa kwa ajili ya maandalizi ya futari tu. Wote hao walikupa wewe. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir kwamba mtu akikusimulia jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, jambo hilo ni amana. Hakusema usimwambie mtu. Kule kugeuka kwake kumetosha. Basi namba uliyopewa kwa sababu maalumu ina hukumu gani?

Jirani zetu wa Kenya wameyaona matokeo. Baadhi ya programu za mikopo ya haraka zilikuwa zikisoma orodha ya namba za mkopaji, na akichelewa kulipa, zinawapigia jamaa zake na wakubwa wake wa kazi. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za kuwabana wakopeshaji hao. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine na kuwasumbua wenyewe kwa simu na ujumbe wa vitisho. Zingatia: aliyesumbuliwa huenda hakuigusa kabisa programu ile. Aliyefungua mlango ni rafiki yake.

Hata programu ya swala

Novemba 2020, waandishi wa Motherboard nchini Marekani walifichua kwamba programu ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode. Nayo X-Mode iliziuza kwa makandarasi, na kupitia kwao zilifika jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Januari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Outlogic, kuuza habari za kufika kwa watu katika sehemu nyeti, nyumba za ibada zikiwemo. Mtu alitaka kujua wakati wa Alasiri tu, na nyendo zake zikawa bidhaa.

Kuna anayesema, "Mimi sina cha kuficha." Suratul-Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana, na haikubagua mwenye cha kuficha na asiye nacho. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kilicho katika simu yako ni ya wengine.

Tufanye nini?

Kwanza, tumia kanuni ya fiqhi tunayoijua: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Ramani inahitaji kujua ulipo, basi iruhusu wakati wa kuitumia tu. Programu ya tochi haihitaji namba ya mama yako. Simu nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa: ingia kwenye mipangilio, tafuta neno «Autorisations», upunguze moja moja. Ni kazi ya robo saa.

Pili, Bujumbura iko karibu na ikweta, kama digrii tatu na nusu kusini. Adhuhuri yetu husogea karibu na saa sita mchana mwaka mzima, kwa kama robo saa mbele au nyuma, na ratiba ya mwaka huu ndiyo ya mwakani. Ratiba ya msikitini inatosha. Ukitaka programu, andika mwenyewe jina la mji. Na kibla chetu hakihami: ni kama digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki.

Tatu, pale unapoweza, chagua programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye ujuzi kuukagua. Signal ni mojawapo, na F-Droid ni duka zima la programu za namna hiyo. Sisi wanafunzi wa hadithi tunalielewa jambo hili kwa wepesi. Kuwa na isnadi hakufanyi hadithi kuwa sahihi, lakini bila isnadi hakuna cha kuchunguza.

Nne, kabla ya kumpa fundi simu yako, Buyenzi au kwingineko, ondoa kadi ya kumbukumbu yenye picha za familia, na kama simu inafunguka, kaa hapo anapoitengeneza.

Usiku huu, kabla ya kulala, fungua orodha ya ruhusa na ujiulize kwa kila moja: mwenye kitu hiki ameniruhusu? Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao. Amin.