Saratani ya Tezi ya Shingo Ikirudi: Nini Huamua Hali ya Mgonjwa

Kati ya watu 100 waliotibiwa saratani ya kawaida ya tezi ya shingo wakaonekana wamepona, 10 hadi 30 hurudiwa na ugonjwa, baadhi yao baada ya miaka mingi. Wengi wa hao huendelea kuishi muda mrefu. Wapo pia ambao ugonjwa huwaendea vibaya. Tofauti hiyo ina sababu zake, na ni vizuri mgonjwa na ndugu anayemsindikiza kliniki wazijue.

Imerudia wapi?

Kwa wagonjwa 8 hivi kati ya 10 wanaorudiwa, ugonjwa huonekana shingoni tu, na mara nyingi daktari anaweza kuutoa kwa upasuaji mwingine. Kwa waliobaki umesambaa mbali, hasa kwenye mapafu, na baadhi kwenye mifupa. Chembe ndogo za mapafuni, zile ambazo eksirei haizioni, ni afadhali kuliko mifupa, kwani saratani ya mifupani huuma, huvunja mfupa na ni ngumu kuimaliza.

Je, bado inafyonza madini joto?

Swali hili lisikose kuulizwa. Tezi ya shingo hufyonza madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi. Seli za saratani ya papilari na ya folikula, yaani zile aina za kawaida, zikiwa bado na tabia hiyo, mgonjwa hupewa madini joto yenye mionzi, nayo huzifuata zilikojificha na kuziua. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2006, juu ya wagonjwa ambao saratani ilikuwa imesambaa mbali, ulionyesha uzito wa jambo hili: walioitikia tiba hadi picha zikawa safi, 92 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Ambao saratani yao haikufyonza kabisa, 10 tu. Takwimu hizo zilitangulia sorafenibu na lenvatinibu, vidonge vinavyopunguza kasi ya saratani ya namna hiyo, ingawa bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi.

Tiba hii ya mionzi hutolewa, kwa mfano, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wiki moja au mbili kabla yake mgonjwa huambiwa aache chumvi yenye madini joto na vyakula vya baharini. Kwa mtu wa Pwani huo ni mtihani, lakini seli zilizokwisha kushiba madini joto hazitaifyonza dawa. Aliyepigwa sitiskani kwa dawa ya kuchomwa mshipani aseme mapema, maana nyingi ya dawa hizo zina madini joto tele.

Umri, aina na mwendo

Waliogunduliwa kabla ya miaka 55 kwa kawaida hufanya vizuri zaidi. Aina ya seli nayo ina uzito: anaplastiki, ambayo ni nadra, huenda mbio kuliko zote. Medula haifyonzi madini joto. Yenyewe hufuatiliwa kwa kalsitonini kwenye damu, na kwa kuwa baadhi hurithiwa, ndugu wa damu huenda wakahitaji kupimwa.

Kwa papilari na folikula hupimwa thairoglobulini kwenye damu. Jibu moja halitoshi. Kinachotazamwa ni mwendo: kiwango kinachojirudufu ndani ya mwaka mmoja ni dalili mbaya kuliko kile kinachopanda taratibu. Kwa hiyo pima maabara ileile kila inapowezekana, na majibu ya zamani, pamoja na yale ya kinyama kilichopimwa baada ya upasuaji wa kwanza, yakae kwenye faili lako nyumbani.

Kidonge cha asubuhi

Kidonge cha levothairoksini si cha kurudishia homoni tu. Kwa kipimo alichopanga daktari, hushusha TSH, homoni inayoweza kuzichochea seli za saratani zikue. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikae mbali nacho kwa saa 4.

Uvimbe mpya shingoni, sauti kukwaruza bila mafua, kumeza kwa shida, au maumivu ya mfupa yasiyotulia usiku: nenda hospitali hata kama tarehe ya kliniki haijafika.