Kalsiamu, vitamini D na dawa ya kolesteroli

Swali: Mimi ni mama wa miaka 61, Kadutu, Bukavu. Kila jioni nameza atorvastatini. Sasa nimeandikiwa kalsiamu na vitamini D. Hazitagombana?

Jibu: Hapana, mama. Meza kalsiamu pamoja na chakula cha mchana, inaingia mwilini vizuri zaidi; atorvastatini ibaki jioni. Wanaotumia rosuvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli, ndio wachunge dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesiamu: wakishameza rosuvastatini, wasubiri muda wa saa 2 kabla ya kuzimeza, maana zinaipunguza nguvu. Ukitumia dawa hizi za kolesteroli, misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa na rangi ya chai, mwone daktari siku hiyohiyo.

Tena, una samaki wadogo, sambaza, wa Ziwa Kivu! Wakiliwa wazima na mifupa yao, wanakupa kalsiamu nyingi. Wapike kwa nyanya na kitunguu, mawese yawe kidogo sana, kwani yanapandisha kolesteroli.