Jicho jekundu, vipimo safi: panya wana la kutuambia

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu, nina miaka 34. Jicho langu la kushoto huwa jekundu, mwanga huniumiza na naona ukungu. Vipimo vya kifua kikuu, kaswende na virusi vya Ukimwi havikuonyesha kitu. Daktari wa macho amesema ni uveitisi, kwamba kinga yangu inalishambulia jicho, akanianzishia steroidi. Nimesoma kuwa mengi kuhusu ugonjwa huu yametokana na majaribio ya panya. Mimi si panya. Niendelee na dawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu, endelea, na usiziache ghafla hata jicho likiwa jeupe. Steroidi hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari wako.

Kuhusu panya, una haki ya kuuliza. Kwenye retina kuna protini inayosafirisha vitamini A kwenda na kurudi kati ya seli zinazopokea mwanga na tabaka linalozihudumia. Mwaka 1988 Rachel Caspi na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, waliwachoma panya protini hiyo pamoja na kiamsha kinga. Sindano haikugusa jicho, lakini kinga ililifuata huko huko na kuiharibu retina.

Kwa nini mwili usiitambue protini yake wenyewe? Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi ya thaimasi, ambako seli T, askari wa kinga, hufunzwa. Thaimasi huzionyesha vipande vya protini za viungo mbalimbali, vikiwemo vya jicho, na seli inayoving'ang'ania huondolewa. Jeni iitwayo AIRE ndiyo inayosimamia maonyesho hayo. Panya wasio nayo huugua macho. Mwaka 2006 likaonekana jambo linalonishangaza mpaka leo: hata panya mwenye AIRE nzima huugua, iwapo thaimasi yake haionyeshi ile protini moja tu ya retina.

Kisha mwaka 2015 kundi la Caspi likaonyesha kwamba, katika panya waliozaliwa na seli T nyingi za kuishambulia retina, seli hizo huamshwa utumboni na bakteria wanaoishi humo. Walipopewa antibiotiki, ugonjwa ulipungua. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kwa sababu hiyo! Wale ni panya wa ukoo mmoja waliotengenezwa kwa jaribio, na hakuna antibiotiki inayotibu uveitisi ya aina yako.

Ndiyo maana matibabu huenda yasiishie kwenye matone. Shambulio huandaliwa mbali na jicho, kwa hiyo wakati mwingine ni lazima kinga ya mwili mzima itulizwe. Dawa ya kutuliza kinga iitwayo saiklosporini ilijaribiwa kwanza kwa panya wenye ugonjwa huu, ndipo ikapewa wagonjwa miaka ya 1980. Nyingine, adalimumabu, iliidhinishwa Marekani kwa uveitisi mwaka 2016. Bado ni ghali mno kwa wengi wetu, na hilo linaniuma. Methotreksati inapatikana kwa urahisi zaidi. Ugonjwa ukirudi kila steroidi zinapopunguzwa, mwulize daktari wako kuhusu dawa hizo.

Steroidi zenyewe huweza kuleta mtoto wa jicho, kupandisha presha ya jicho na sukari. Omba presha ya jicho ipimwe kila unapohudhuria kliniki. Ukiona nukta nyeusi nyingi zinaelea, au uoni umeshuka ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.