Tabia ya Mtoto Mchanga na Malezi Yake

Katika vijiji vya kando ya msitu wa Jozani, huko Unguja, kama katika pwani yetu nzima, mtoto mchanga anayewaogopa watu huangaliwa kwa shaka. Shangazi akimpakata naye akapiga kelele, husemwa kwamba ana kisirani, na pengine hufungwa hirizi. Mwenzake achekaye na kila mtu husifiwa kuwa mwema. Je, hawa wawili wamehitilafiana kwa wema na ubaya, au kwa maumbile?

Mwaka 1956 madaktari Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatia watoto wa New York tangu uchanga wao. Waliona kuwa wengine hulipokea jambo jipya kwa furaha. Wengine hulikataa kwa kilio kikubwa. Na wengine husitasita, kisha hulizoea pole pole wasipolazimishwa. Huyu wa tatu ndiye nimwoneaye huruma hapa kwetu, maana hupitishwa mikononi mwa watu kumi kwa siku moja, kisha hulaumiwa kwa kulia.

Lakini maumbile si yote. Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefika Uganda mwaka 1954, alizizuru jamaa 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akawaangalia watoto 28. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona mtoto atambaaye akimwacha mama yake, akichezea kitu, akigeuka kumtazama, akirudi kumgusa, kisha akienda tena. Kumbe kumng'ang'ania mama si kudeka tu: humo mtoto hupata ujasiri wa kwenda mbali! Watoto 16 aliwaona wametulia hivyo. 7 walikuwa na wasiwasi, wakilia hata mama akiwapo. Na 5 walikuwa hawajaonyesha kushikamana naye. Mama wa wale waliotulia, kwa kawaida, walipoulizwa habari za watoto wao walieleza hata mambo madogo madogo.

Alikuwa amekwenda hasa kuchunguza kuachishwa ziwa, kwani desturi ya Waganda ilikuwa kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo. Kwetu pia ziwa hupakwa shubiri, na pengine mtoto hupelekwa kwa bibi usiku ule ule. Shubiri hainisumbui. Bali kumnyang'anya mtoto ziwa na mama kwa siku moja, hasa yule msitasitaji, ni kumtwika misiba miwili. Kwanza na aende kwa bibi mchana pamoja na mama yake, warudi wote jioni. Siku nyingine abaki huko kidogo. Na ziwa aachishwe baadaye, akiwa nyumbani mwake.